Njia ya Mkuki

Jumapili, 1 Septemba

Mvua imefika. Imekuja na upepo, ikanyanyua bati la jirani, ikaingia kwenye jiko langu la nje, na sufuria ya mifupa ikapoa kabla haijaiva. Nimekaa ndani nikiitukana mvua ile ile ambayo mwezi mzima nilikuwa naiombea kanisani. Ndivyo nilivyo. Kutulia siwezi, hata wakati wa mahubiri napigapiga mguu mpaka watu wanageuka.

Kazi yangu ni mifupa. Térence, Mrundi mwenye bucha hapa Kashojwa, ananiwekea ile ya miguu, inayobaki watu wakishakunywa supu ya molokoni. Naichemsha na majivu, naikwangua, naichonga: vijiko, vikwangulio vya ngozi, sindano nene za kutobolea vikapu. Kinachonichosha ni mfereji. Kila mfupa wa mguu wa ng'ombe una mfereji mwembamba unaoshuka katikati kama mshono wa suruali, na mimi nausaga kwenye jiwe mpaka uishe, maana kifaa chenye mshono hakipendezi. Kisha nauloweka mfupa katika chai nzito, naufukiza kwa moshi wa zile nyasi ambazo Wahima, wafugaji wa Endiinzi, wanafukizia vyombo vyao vya maziwa. Wazo la nyasi ni langu mwenyewe, na najivunia. Mfupa wa juzi unatoka kwenye moshi ule ukinukia nyumba ya zamani.

Mdogo wangu Pacifique anapeleka mzigo Mbarara, kwenye duka la mama mmoja anaitwa Kembabazi, ambako Wazungu husimama wakienda kuangalia wanyama. Pacifique ana Kifaransa cha shule, Kiingereza cha kuokota, na mdomo. Anawaambia ni vyombo vya wachungaji wa kale. Sijawahi kumkataza.

Mke wake Eliane ana mimba na nyumba yao imegusana na yangu. Leo mvua ikinyesha alisimama mlangoni akiangalia majivu yangu yanavyosombwa, hakusogeza hata kifuniko. Ana uzito wa mwili na wa akili. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ninavyomwona.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua. Mifupa haikauki, kuni hazishiki. Nimegombana na kila kitu kilichomo jikoni.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimerudi kutoka bombani nikakuta msumari mtupu ukutani. Mfupa wa mama haupo.

Hapa hakuna asiyeujua mfupa huo, lakini naandika kwa sababu nina hasira na mkono unataka kazi. Ni sindano ya kutobolea vikapu, imezidi kiganja changu kidogo. Upande mmoja fundo la mfupa limeachwa kuwa mshikio, upande wa pili umechongwa hadi ncha. Umekuwa wa rangi ya asali kwa kushikwa. Babu yetu aliua kiboko kwetu Kongo, kule Baraka, ziwani, peke yake, kwa mkuki, na huo ndio mfupa wa kiboko yule. Katikati una mstari ulioingia ndani, unashuka wote. Ni njia ya mkuki, ulipopita ukikwaruza mfupa. Mama alikuwa anatushika kidole, mimi na Pacifique, anakipitisha pale polepole huku anasimulia, na sisi tunasikia kiboko akiguna. Tulipokimbia vita, mama aliacha sufuria, akaacha mbuzi, akabeba mfupa kifuani. Amezikwa hapa Nakivale, kambini Uganda, na mfupa ndio uliobaki kutuambia sisi ni watu wa nani.

Nikampigia simu Pacifique.

“Mufupa ya mama iko wapi?”

“Niko nayo huku, yaya. Ni ya kuonyesha tu, siuzishe. Batu bakiona moja ya kweli, zile zingine zote zinakuwa za kweli.”

“Rudisha leo.”

“Nitarudisha. Unapenda kelele mingi, yaya.”

Yaya, dada mkubwa, kwa mdomo tu: hakurudi leo.

Jumatatu, 9 Septemba

Tumepanda maharage. Eliane alipanda mstari mmoja, akakaa chini.

Alhamisi, 12 Septemba

Pacifique amekamatwa.

Kembabazi ndiye aliyepiga simu. Nilikuwa na mikono imejaa majivu, nikashika simu kwa viganja viwili kama mtu anayepokea komunyo. Alisema: “Sidonie, nyabo, wamechukua kijana yako. Watu wa wanyama. Wamebeba mifupa yote ya duka.”

Ilikuwa hivi. Jana alikuja mtu mmoja mwenye kofia, si Mzungu, akageuzageuza vijiko, akauliza maswali mazuri mazuri. Pacifique akaona amepata msikilizaji. Akatoa mfupa wa mama mfukoni, akaeleza ziwa, mkuki, kiboko, babu. Yule mtu akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Leo amerudi na wenzake. Kumbe kuwa na kitu cha mnyama wa porini bila kibali ni kosa kubwa nchi hii, na kiboko ni mnyama wa porini, hata kama aliuawa Kongo na mtu aliyekwisha kuoza.

Sasa wanasema pengine na hiyo mingine yote ni ya porini. Si tumewaambia watu wenyewe kwamba ni ya kale?

Nilikwenda kumwambia Eliane. Nilitegemea atapiga kelele. Aliinuka, akafunga kitenge upya, akauliza, “Amekula?” Nikasema sijui. Akaanza kumenya viazi.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimekwenda Mbarara, nimerudi, miguu bado inatembea yenyewe ndani ya nyumba.

Walinipa nafasi ya kumwona. Alikuwa amekaa kwenye benchi bila viatu, na bila viatu alionekana mdogo sana. Nilikuwa nimepanga kumkumbatia. Badala yake nikamwambia, “Umedanganya bazungu miaka yote hakuna kitu inakupata. Siku moja unasema kweli, banakufunga.”

Akacheka kidogo. “Mi sikuwaza, yaya. Ule mutu alikuwa anasikiliza muzuri. Njo nikaendelea.”

Afisa wao ni mtu mrefu mpole, na upole wake ndio unaonitisha. Alinikalisha kitini. “Nyabo, daktari ya wanyama atakuja kuangalia hii mifupa. Akisema ni ya ng'ombe, tunaongea ingine. Akisema ni kiboko, hiyo mimi hapana weza kusaidia. Hiyo ni jela, na si kidogo.”

Nilisema yote ni ya ng'ombe, mimi ndiye ninayeichonga. Akatikisa kichwa taratibu. “Hata ile kijana alisema ni ya kiboko? Aliisema mbele ya watu.”

Nilipoaga, Pacifique alininong'oneza, “Endelea kusema ni ya ng'ombe.”

“Na huyo daktari ye hana macho?”

Akaficha miguu yake chini ya benchi. Watu wote pale wanamngoja daktari kama wanaomngoja mwokozi. Ni mimi na Pacifique tu tunaojua atakachokikuta.

Jumanne, 17 Septemba

Maharage yametoka. Sina furaha nayo.

Alhamisi, 19 Septemba

Hakimu amesema Pacifique arudi mahabusu mpaka daktari aseme. Daktari yuko kazini mbali, kuna ugonjwa wa ng'ombe. Tarehe haijulikani.

Jana nilitembea hadi Base Camp, kwenye ofisi za kambi, na kurudi bila shughuli yoyote. Leo tena. Watu wanadhani nimepata biashara. Niliporudi nikakuta shamba langu limepaliliwa, mistari yote, na Eliane anaosha jembe, tumbo linagusa ndoo. Nikamuuliza nani kamtuma.

“Nikikaa, ninawaza. Nikilima, ninawaza kidogo,” akasema.

Nilimwita mzito. Nimemwangalia vizuri leo: ana miguu iliyovimba kama mikate, ndiyo maana anakaa. Nilikuwa na macho ya nini muda wote huu?

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeamua. Nitatengeneza pacha.

Kama mfupa wa mama ni wa kiboko, basi daktari asiuone mfupa wa mama. Aone mfupa wangu. Wataniita nionyeshe ni ipi niliyochonga mimi, afisa mwenyewe alisema hivyo. Nitashika, nitageuza, nitarudisha mwingine. Mikono yangu inaweza.

Nilikwenda kwa Térence nikapekua ndoo yake ya miguu mpaka wateja wakanung'unika.

“Bon, dada Sidonie,” akasema, “leo unachagua kama mama anayemchagulia mtoto wake mke. Mfupa si mfupa tu?”

“Nataka mwembamba, ya ng'ombe ya kienyeji. Isiwe ya hawa bakubwa ya maziwa.”

Akanitazama. Térence si mjinga. Akaingia nyuma, akatoka na mguu mmoja umefungwa kwenye gazeti. “Huu wa ng'ombe mzee kutoka Rugaaga. Lakini mimi sijakupa kitu, unaelewa? Nina watoto.”

Jumamosi, 28 Septemba

Umekwisha. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii na sitaweza kumwonyesha mtu.

Niliuchonga kwa kukumbuka, kidole kwa kidole. Fundo la mshikio, kibonye kidogo mahali kidole gumba cha mama kilipokuwa kinakaa, ncha iliyoelekea kidogo kushoto. Nilikuwa naogopa njia ya mkuki. Nitaichonga vipi isionekane ya kisu? Halafu nikacheka peke yangu. Ng'ombe ana mfereji wake! Safari hii sikuusaga. Niliuacha ulivyo, nikausugua kwa mafuta ya mawese na kitambaa, ukawa njia ya mkuki kabisa. Nilijisifu kwa ujanja huo siku nzima. Chai, jua la kuvizia kati ya mawingu, moshi wa nyasi kama kawaida.

Eliane aliuona umelala mkekani. Akafikiri wameurudisha, akajishika moyo. Nikamwambia ukweli. Uso wake ukafunga, akatoka nje.

Jumatano, 2 Oktoba

Leo nimeumbuka, na kwa sababu ambayo sikuifikiria.

Nilipita dukani kwa Kembabazi anisindikize kwa afisa, maana wao ni watu wa lugha moja. Pacha alikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya viazi vya Pacifique. Kembabazi alinikaribisha kiti, akanyanyua pua, akaingiza mkono kwenye mkoba bila kuomba, akautoa. Akaunusa. Akaniangalia kama watu wanavyomwangalia mtoto aliyejikojolea mbele za wageni.

“Hii umeifukiza na emburara, ile nyasi ya maziwa.”

“Kama zote.”

“Kama zote, ndiyo. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza.” Akakaa. “Sikia, nyabo. Nyumbani kwetu maziwa na nyama hazikutani. Mtu amekula nyama, siku hiyo hagusi maziwa, ng'ombe watapata shida. Sasa nani huyo atachukua mfupa, aufukize na moshi ya maziwa? Hata mwendawazimu hapana! Mama yangu aliingia hapa siku moja, alinusa vijiko zenu, akatoka nje kutema mate.”

“Na hukutuambia?”

“Wazungu hawajui. Kwao inanuka Afrika.” Akacheka, halafu akaacha. “Lakini ukimpelekea afisa hii mfupa, huyo ni mtoto ya ng'ombe kama mimi. Atanusa, atajua imetengenezwa juzi na ninyi. Mtakuwa wawili huko ndani.”

Nilihisi aibu imenipanda kutoka miguuni. Wazo langu! Lile nililojivunia! Miaka yote nimekuwa nikiwafukizia Wahima uchafu, na wao wananiangalia tu nikijiona fundi.

Ni Kembabazi aliyesimama kwanza. “Acha hii hapa. Twende. Kosa yako itafanya kazi: watajua vijiko ni mpya.”

Tulipofika akaongea na afisa kwa lugha yao, haraka, mikono ikiruka. Afisa akaleta boksi. Akachukua kijiko, akanusa. Akachukua kikwangulio, akanusa, akakunja uso, na polepole akaanza kucheka, akamwita mwenzake naye anuse. Mmoja mmoja wakaitoa mifupa yangu wakaiweka upande wa kushoto wa meza. Mifupa ya watu wasiojua kitu. Mifupa ya wakimbizi waongo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuchekwa.

Kisha akachukua wa mama. Akaunusa upande mmoja, akaugeuza, akaunusa tena, na kicheko kikaisha.

“Hii moja haina moshi,” akasema. “Hii ni ya zamani kweli.”

Akauweka upande wa kulia, peke yake.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimemsugua pacha, niliyempitia dukani siku ile, kwa majivu. Bado ananuka.

Jumapili, 6 Oktoba

Majivu, ndimu, jua. Bado.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua ya mawe imechana majani ya maharage. Pacha hanuki tena. Niliomba Eliane anuse, maana pua yangu sasa inanusa moshi hata kwenye uji. Alinusa, akasema, “Hakuna kitu.” Akaongeza, “Lakini sipendi, yaya. Sipendi hata kidogo.” Nikamwambia kupenda si kazi yake. Nilisema vibaya na sikurudi kuomba radhi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Afisa amepiga simu. Daktari anakuja Alhamisi. Nimetembea hadi ziwani kuangalia viboko. Walikuwa wawili, masikio tu juu ya maji. Nikawaambia wamshukuru Mungu babu yangu hakuzaliwa huku.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Eliane alisema atakuja. Nikamkatalia, barabara ni mbaya, tumbo limeshuka. Akapanda gari kabla yangu akakaa dirishani. Basi tukaenda, pacha amefungwa kiunoni kwangu chini ya kitenge, ncha yake inanichoma ubavuni kila shimo la barabara.

Chumba kilikuwa kidogo: meza, mfupa wa mama katikati kwenye karatasi nyeupe, afisa, sisi wawili. Pacifique walimleta akakaa kwenye kona. Amekonda. Alimtazama Eliane tumboni, kisha akatazama mfupa, akaficha uso magotini. Daktari ni mtu mfupi, viatu vyake vina matope ya mazizi. Alisalimia, akasema anataka kwanza kunawa, ametoka kwa ng'ombe wagonjwa. Afisa akatoka naye kumwonyesha bomba. Askari wa mlangoni alikuwa anaangalia mvua.

Mfupa ulikuwa mbele yangu, umbali wa kama mkono mmoja. Nilifungua kitenge. Nikamshika pacha. Nikawaza: Sidonie, sasa, sasa hivi. Nikanyoosha mkono.

Eliane akanikamata kwenye kifundo. Yule ninayemwita mzito! Alinibana mpaka vidole vikafunguka.

“Yaya, acha,” akasema kwa sauti ya chini. “Bakikuona, banakubeba na we. Huyu mutoto anakuja. Mi nitabakia na nani? Unibakizie mutu moja tu huku inje.”

Nilitaka kumsukuma. Nasema wazi kwamba nilitaka. Lakini alikuwa analia bila kuniachia, na mkono wake ulikuwa wa moto. Nikamrudisha pacha kitengeni. Daktari akaingia akijifuta mikono kwenye suruali, na mimi nikajua nimemuuza mdogo wangu.

Daktari aliushika mfupa, akaupima uzito kiganjani. Akautazama mshikio. Kisha akaweka kidole gumba juu ya njia ya mkuki, akakipitisha polepole kutoka juu mpaka chini, hivi hivi kama mama.

“Nani alisema hii ni kiboko?” akauliza.

Afisa akamnyooshea Pacifique kidole, na daktari akaendelea.

“Kiboko iko na vidole nne. Mifupa yake ya hapo chini ni mbalimbali, fupi, nzito. Hii ni mifupa mbili zimeungana zikakuwa moja. Unaona hii mstari? Ni pahali zilikutana. Ng'ombe iko nayo, mbuzi iko nayo. Nyati pia, lakini ya nyati ni nene sana. Hii ni ka-ng'ombe kadogo ka zamani.” Akaurudisha kwenye karatasi. “Mguu ya nyuma.”

Nilijua kabla hajamaliza. Alipogusa mfereji tu, nilijua, kwa mikono, si kwa masikio. Mfereji ule! Nimeusaga miaka na miaka, nikiutukana, mfupa baada ya mfupa. Juzi nimechukua mguu wa ng'ombe, nikauacha mfereji wake, nikasema unafanana kabisa na njia ya mkuki. Nikajisifu! Na haikunijia. Haikunijia hata mara moja, kwa sababu ule mwingine mama ndiye aliyenishika kidole.

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka, nikalia mpaka afisa akaniletea maji. Alidhani ni furaha. Ilikuwa furaha. Lakini ilikuwa kama nimefiwa pia, na nilishindwa kuvitenga viwili hivyo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Pacifique ameachiwa. Afisa alimwonya kwa sauti ya juu, mbele ya watu, kuhusu kuuza uongo na kuhusu kutangaza makosa ambayo hata hajayafanya. Mifupa yangu ya moshi wameitupa. Mfupa wa mama wamenirudishia ndani ya bahasha, nikautundika tena msumarini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo Pacifique amelala, ameoga, amekula, ameoga tena. Jioni alikuja jikoni kwangu akaniinamia kama mtu anayekuja kwa mfalme.

“Yaya, we ni fundi. Uliibadilisha saa ngapi? Mi niliinamisha kichwa, sikuona kitu!”

Nikachochea moto.

“Ule daktari alishika ya kwako akasema ng'ombe. Ha! Na ya kiboko iko kwetu.” Akaingia ndani, akarudi na mfupa wa msumarini, akaubusu. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wake. Nilishindwa kusema. Mara ya kwanza maishani mwangu mdomo umekataa.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya misa nimemkuta mbele ya kanisa, watu wamemzunguka, anawasimulia jinsi dada yake alivyowachezea watu wa serikali, na jinsi kiboko alivyookoka mara mbili. Kwa sauti hiyo hiyo. Mikono hiyo hiyo. Na mtu mmoja nyuma, nisiyemjua, anasikiliza vizuri.

Atarudi jela kwa mdomo huu. Sasa najua la kufanya, na sitaki.

Jumanne, 5 Novemba

Mtoto amezaliwa alfajiri. Msichana. Eliane hakupiga kelele hata mara moja, mkunga alishangaa. Mimi sikushangaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Tumevuna maharage mabichi ya kwanza. Machache, lakini matamu.

Mchana Pacifique alikuwa amembeba mtoto, ameshika kidole chake kidogo, anakipitisha kwenye njia ya mkuki. “Unasikia kiboko?” anamwambia. Nikaingia ndani nikamchukua pacha alikokuwa amefichwa kwenye gunia la majivu.

Nikamwambia ampe Eliane mtoto, afumbe macho. Alidhani ni mchezo, akafumba. Nikampa mmoja mkono wa kuume, mmoja mkono wa kushoto.

“Pitisha kidole. Uniambie ya mama ni gani.”

Alipitisha. Alirudia. Tabasamu likaanza kupungua pembeni. Akapima uzito, akagusa ncha, akarudi tena kwenye mfereji, wa huku, wa kule. Nilikuwa nasikia mtoto akinyonya.

“Ni hii,” akasema, akanyoosha mkono wa kushoto. “Njo ya mama.”

“Fungua macho.”

Alikuwa ameshika ng'ombe mzee wa Rugaaga, wa kwenye ndoo ya Térence.

Nilimweleza yote. Kwamba sikubadilisha kitu, kwamba Eliane alinishika, kwamba daktari alishika mfupa wa mama mwenyewe. Nilimweleza mfereji. Hakubisha. Aliendelea tu kupitisha kidole, huku na kule, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na machozi yakamtiririka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. Nilitamani nisingesema. Nilitamani mama angekuwepo nimgombeze.

Halafu akavuta kamasi. Akasema taratibu, “Kumbe babu alikunywaka supu.”

Eliane ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa akapiga kelele. Tukacheka wote, tukashikana, Pacifique anasema, “Supu, yaya! Alimaliza supu, akatazama mufupa!” na mimi nasema mama aliuza kutushinda wote, maana sisi tulinunua na tukabeba mpaka Uganda.

Jumapili, 17 Novemba

Kembabazi amepiga simu. Anataka vijiko, vipya, na viuzwe kama vipya. Bila moshi, akasema, na bila Pacifique.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua zinaaga. Maharage yamekauka, tunapura kesho.

Kanisani leo mtu alimuuliza Pacifique habari za kiboko. Akasema, “Kiboko gani?”

Leo Eliane alitaka kikapu cha kumlazia mtoto kivulini wakati tunapura. Nimekata matete, nimekaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nimeutoa mfupa msumarini nikautumia. Sikuinuka mpaka kikapu kikaisha. Kidole gumba kimeingia chenyewe kwenye kibonye chake. Ncha bado ni kali.